Jicho la Mama Mkwe na Saa Iliyosogea

Wazee wa heshima, akina mama walezi, vijana wenzangu, na nyinyi mliokaa nyuma mkijifanya hamsikii: nasimama mbele yenu nikiwa na moyo mzito kama gunia la mchanga mbichi, kuitangazia jamii janga linaloitafuna mchana kweupe. Ulevi mmeshahubiriwa. Kamari mmeisikia mpaka masikio yameota sugu. Leo nawaletea gonjwa lisilo na harufu, lisilopepesuka njiani, wala lisiloamsha majirani. Linaitwa kulipua kazi, yaani kuifanya ilimradi ionekane imekwisha.

Kusema kweli sijasimama. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na kila nikisisitiza jambo ndoo inalia. Lakini uzito wa moyo si wa kuigiza, basi nisikilizeni.

Palikuwa na mtu mmoja, mtengenezaji wa programu za kompyuta, mume wa mtu na mkwe wa mtu, ambaye ofisini na mtaani walimwita Imeisha. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alijipa mwenyewe bila kujua, maana kazi yoyote ukimkabidhi, kabla hujamaliza kueleza alikuwa ameshainua kidole gumba na kusema, "Imeisha hiyo." Bomba la jikoni lilipovuja, alilifunga kwa mpira wa baiskeli. Imeisha hiyo. Mlango wa choo ulipokataa kufunga, aliuwekea tofali. Imeisha hiyo. Ukienda chooni kwake ulitakiwa ulisukume tofali kwa ndani, na wageni walioona haya kuuliza waliteseka sana.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa mkono, na hakuwahi kumfokea mtu. Wavivu tunawajua: wanalala, na ukiwakuta wamelala unawaamsha. Mlipuaji halali. Anafanya kazi mbiombio, tena kwa jasho, na ndiyo maana kumkamata ni vigumu.

Asubuhi ya Jumatatu ninayowasimulia, nyumba yake ilikuwa tulivu kama darasa siku ya mkaguzi wa shule. Chai ilikuwa mezani. Redio ilinong'ona habari za hali ya hewa. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na dirisha akisoma karatasi iliyofungiwa sabuni, na alikuwa anaisoma kwa makini, kwa sababu alisoma kila kilichoandikwa: magazeti ya mwaka juzi, maelekezo ya sumu ya panya, hata maneno yaliyo mgongoni mwa fulana za wapita njia. Jicho lake la kushoto lilizimika zamani. La kulia ndilo alilobaki nalo, na siku chache zilizopita lilikuwa limeanza kumwonyesha kivuli pembeni, kama mtu anayevuta pazia polepole.

Daktari wa kituo cha macho alieleza bila kuzunguka. Utando wa nyuma ya jicho ulikuwa unabanduka. Jicho lilihitaji upasuaji wa haraka, lakini yeye asingeligusa jicho pekee la mtu mpaka bingwa wa nchi ya mbali alitazame kupitia skrini na kumwelekeza. Bingwa huyo alikuwa na zamu zake. Mama mkwe akikosa zamu ya leo, angengoja ijayo, na daktari alisema kwamba kufika zamu ijayo pazia litakuwa limeshafungwa.

Miadi yenyewe ilipangwa na programu iliyotoka ofisini kwa Imeisha. Vituo vingi vya afya viliitumia kuwakutanisha wagonjwa wa hapa na mabingwa wa kule, na Imeisha alijivunia kama mtu aliyechimba bahari kwa kijiko.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema bila kuinua uso kwenye karatasi yake, "hiyo saa kumi ni ya kweli, au ni ya kwenu?"

"Ya kweli, mama. Programu nimeitengeneza mwenyewe."

"Ndiyo sababu nauliza. Mlango wa choo pia ulitengeneza mwenyewe."

Mkewe, ambaye ni mwalimu na siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa, alificha uso ndani ya kikombe.

"Mama, mimi kwenye kompyuta si fundi wa milango."

"Haya. Lakini sisi tutaondoka mapema. Miadi ya jicho haingojwi kitandani."

"Saa kumi jioni," Imeisha alimwambia mkewe akichukua begi. "Mkifika tisa na nusu mmeshawahi, mama watoto. Msiende kukaa kwenye benchi bure." Akainua kidole gumba, akatoka.

Sasa niwavute sikio kidogo niwaonyeshe dhambi yenyewe, maana haikutendeka siku hiyo. Ilitendeka miezi kadhaa nyuma, saa za kazi, mbele ya mashahidi waliokuwa wanacheka.

Sisi tukiwa tunakula cha mchana, bingwa wa nchi ile ndiyo kwanza anasukutua. Kwa hiyo programu ya miadi lazima ijue kati ya saa yetu na yake kuna tofauti gani. Imeisha aliuliza mtandaoni, akajibiwa: saba. Akaandika saba. Hapo angeweza kusimama na kutafakari kama binadamu wengine. Badala yake akainua kidole.

Palikuwa na dada mmoja ofisini ambaye kazi yake ilikuwa kujaribu kila programu kabla haijawafikia wateja. Walimwita Mkaguzi. Aliisogelea meza ya Imeisha na kalamu mdomoni.

"Kaka, nasikia huko kwa wenzetu, ikifika majira fulani, wanasogeza saa mbele. Baadaye wanazirudisha. Hiyo saba itabaki kuwa saba?"

Ofisi nzima ikacheka. Msiwalaumu upesi. Sisi tunaishi mahali ambapo jua linachomoza wakati ule ule mwaka mzima, kama karani anayemwogopa bosi wake. Mtu aliyekulia chini ya jua la namna hiyo, ukimwambia kuna nchi nzima inayolala Jumamosi na kuamka Jumapili ikiwa imenyang'anywa saa moja kwa amri ya serikali, atadhani unamtania.

"Waisogeze waipeleke wapi, dada?" Imeisha alisema. "Saa si kabati."

"Nauliza tu. Kuna jedwali, limeandikwa kila mji husogeza lini na kurudisha lini, na kuna watu wanalitunza. Ukiweka jina la mji badala ya namba, programu inatazama humo yenyewe."

"Kuliunganisha hilo jedwali ni kazi ya siku nzima. Saba inatosha. Ikibadilika tutarekebisha."

"Lini?"

"Baadaye. Imeisha hiyo."

Na Mkaguzi, ambaye alikuwa analipwa ili akatae, naye akacheka na kutia alama ya kupitisha. Kwa hiyo msimwonee huruma kupita kiasi.

Baadaye ilifika Jumapili. Ilifika kimya kimya, huku sisi tunafua nguo zetu. Nchi ile ilisogeza saa zake mbele, saba ikawa sita, na ile programu, iliyofundishwa saba, ikaendelea kusema saba kama kasuku.

Ofisi ya akina Imeisha ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na mchana harufu ya rangi ilipanda pamoja na joto. Jumatatu hiyo, saa nane ilipogonga tu, simu ya mezani kwa Mkaguzi ikalia.

"Kituo cha ngozi hao," alisema akiziba simu kwa kiganja. "Daktari wao yuko kwenye skrini anangoja. Mgonjwa hayupo."

"Amechelewa huyo. Wagonjwa wetu unawajua."

"Hajachelewa. Sisi tumemwandikia saa tisa. Daktari anasema yake ni sasa hivi."

"Mtandao huo," alisema Imeisha. Mtandao, ndugu zangu, umesingiziwa mengi katika nchi hii. Ungekuwa na mdomo tungehama.

Simu ya pili ikalia. Kituo cha moyo, maneno yale yale. Imeisha akaacha kutabasamu. Akaandika kwenye kompyuta jina la mji wa yule bingwa wa macho, akauliza kwao sasa ni saa ngapi, akahesabu kwa vidole chini ya meza kama mtoto anayeficha. Sita. Akahesabu tena, kana kwamba namba inaweza kuona haya na kubadilika. Sita.

 Ile saa kumi ya mama mkwe haikuwa saa kumi. Ilikuwa saa tisa. Na saa tisa ilikuwa inakuja, wakati yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, asubuhi ile, aliwaambia wasiende kukaa kwenye benchi bure.

Mtu mwingine angeshika simu ampigie mkewe. Lakini akili ya mlipuaji ina mlango mmoja tu, na mlango huo unafungukia kwenye njia ya mkato. Aliona kwamba akipunguza saa moja ndani ya programu, wagonjwa wote wangepata ujumbe mpya kwa mpigo, mkewe akiwemo.

"Kaka, ngoja kwanza," Mkaguzi alisema alipoona vidole vinakimbia. "Si nchi zote zimesogeza. Yule wa masikio kwao hawasogezi kabisa. Wa mifupa kwao ni mpaka mwisho wa mwezi. Tupige simu, mgonjwa mmoja mmoja."

"Tutamaliza kesho. Napunguza moja kwa wote."

"Kwa wote?"

"Hao wengine tutawarudisha baadaye."

Akabonyeza. Ujumbe ukaruka kwenda kwa watu wote. "Imeisha hiyo," alisema, na kidole kikapanda. 

Walikaa wakisikiliza feni. Imeisha alijiambia kwamba mkewe sasa anausoma ujumbe, sasa anavaa viatu, sasa anafunga mlango. Alimfungisha mlango huo mara kadhaa kichwani. Kisha simu yake ya mfukoni ikaita, na alipoona ni yeye, akashusha pumzi.

"Mmeupata? Saa tisa, mama watoto. Kimbieni."

"Tisa ipi?" Sauti ya mkewe ilikuwa ya chini, ile ya mwalimu ambaye ameshaamua adhabu. "Umeandika saa nane. Saa hizi nane imeshapita."

"Sikuandika nane."

"Nisikilize. Sisi tulikuwa tumeshafika. Mama aliniburuta mapema, unamjua. Tuko getini kwa kituo, tunasalimiana na mlinzi, simu ikalia. Nikasoma: miadi yako ni leo saa nane mchana. Nikamsomea. Akasema basi, imepita, turudi, tusiende kujidhalilisha mbele ya watu. Tuko kwenye teksi. Tunakaribia nyumbani."

Imeisha alikuwa ameifungua tena ile kazi yake kwenye skrini. Hapo akaona. Kwa haraka aliyokuwa nayo, saa moja alikuwa ameipunguza mahali pawili: mara moja pale programu inapohifadhi miadi, na mara ya pili pale inapoiandika kwenye ujumbe. Kumi ikawa tisa, tisa ikawa nane. Kama asingegusa kitu, wale wawili wangekuwa wamekaa kwenye benchi wakati ule, wamewahi, kwa ubishi wa mama mkwe tu.

"Mama anasemaje?" aliuliza.

"Hasemi. Amefumba jicho."

 "Mgeuze dereva. Ni saa tisa. Nakuapia."

"Asubuhi kumi. Sasa hivi nane. Sasa tisa. Nimwambie mama ipi?"

"Tisa. Hiyo simu imesema uongo."

"Simu, baba watoto, au wewe?"

Alikuwa na majibu tayari, yamepangwa mdomoni kama viatu mlangoni: mtandao, umeme, seva, watu wa kule na serikali zao. Aliyapita yote.

"Mimi," alisema.

Kwenye simu alimsikia mkewe akimwambia dereva ageuze, na dereva akiuliza kama wameamua, maana hiyo ni mara ya pili. Kisha ikakatika.

"Nenda kituoni," Mkaguzi alimwambia. "Mimi napiga simu mmoja mmoja, kama tulivyopaswa. Lakini kwanza liondoe hilo ulilobandika, lisitume kitu kingine."

Aliliondoa. Mkaguzi anasema siku hiyo ndiyo alimwona kwa mara ya kwanza akisoma kazi yake mwenyewe mstari kwa mstari, midomo ikicheza, halafu akarudia tangu juu. Alipomaliza hakuinua kidole. Alishuka ngazi akiwa na simu sikioni.

"Kituo cha macho," akaitika muuguzi.

"Dada, nakuomba. Mgonjwa wenu wa saa tisa yuko njiani. Anaweza asifike kwa wakati."

"Kachelewa?"

"Hajachelewa. Amecheleweshwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Programu ya miadi nimeitengeneza mimi, na nimeikosea."

 Pengine muuguzi alikuwa hajawahi kusikia kitu kama hicho kutoka kwa watu wa kompyuta. "Sasa kaka, bingwa nimwambie nini?"

"Hivyo hivyo."

"Nitamwambia. Ila baada yake kuna mtu mwingine, fundi wa kuchomelea vyuma. Zamu yake ikifika, siwezi kumtoa mtu kwenye haki yake."

Imeisha alipanda pikipiki, akafika kabla ya mkewe na mama mkwe. Kituo kilikuwa na baraza jembamba, benchi moja, na saa ya ukutani iliyotembea kwa kelele kuliko saa yoyote aliyowahi kuisikia. Mlango wa chumba cha skrini ulikuwa wazi nusu. Aliuona uso wa bingwa, mkubwa, wa samawati kidogo, ukinywa kitu kwenye kikombe. Bingwa akatazama mkono wake wenye saa. Akasema kitu. Muuguzi akamjibu. Bingwa akanywa tena.

Saa tisa ikafika. Imeisha alisimama, akaenda mpaka getini, akarudi. Mlinzi akamwambia, "Ukikaa, nao watafika. Ukisimama, watafika vile vile." Akakaa. Akasimama.

Mshale mrefu ukashuka mpaka chini kabisa. Muuguzi akatoka na kuita, "Fundi wa kuchomelea." Benchi lilikuwa tupu. Akaita tena, sauti ikaenda mpaka mwisho wa baraza na kurudi peke yake. Akamgeukia Imeisha.

"Na huyu naye?"

Imeisha alijua. Kwenye simu ya fundi huyo palikuwa na ujumbe wa zamani uliosema kumi na nusu, na kama aliupata ule mpya, ulisema nane na nusu. Saa ya kweli, iliyokuwa inapita wakati huo huo, haikuandikwa popote. "Mpigie," alisema. Muuguzi akapiga. Simu ilikuwa imezimwa.

Ndipo teksi ikaingia getini. Mkewe akashuka akiwa amemshika mama yake kiwiko, na mama mkwe anatembea amenyoosha shingo, kama mtu anayebeba maji ambayo hataki yamwagike.

"Ingieni," muuguzi alisema. "Upesi, nafasi iko wazi."

"Nafasi ya nani?" mama mkwe akauliza.

"Ingia tu, bibi."

"Nimeuliza ni ya nani."

 Binti yake akamsukuma taratibu, wakaingia, mlango ukafungwa. Imeisha akabaki na saa ya ukutani. Nawaambia kwa dhati, kuna furaha nyingine huja na mwiba ndani, na mtu hajui acheke au ajishike mguu.

Walipotoka, mkewe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Pazia halikuwa limefungwa. Bingwa alikuwa amemwelekeza daktari wa hapa la kufanya, na upasuaji ungekuwa kesho yake asubuhi. Mama mkwe alikuwa ametiwa dawa ya matone, machozi yanamshuka shavuni kwa sababu ya dawa, au ndivyo alivyodai. Imeisha alimkumbatia mkewe. Mkono wa kulia ukaanza kujiinua wenyewe, kidole gumba mbele, kwa mazoea.

Wakati huo huo akaingia mtu mwenye shati lililopigwa pasi na viatu vilivyotobolewa na cheche. Jicho lake moja lilikuwa jekundu, linachuruzika.

"Habari za hapa," alisema kwa adabu. "Mimi ni wa kumi na nusu. Nimewahi kidogo, nikaona bora nije nikae kivulini."

Muuguzi alitazama sakafu. "Baba, bingwa ameshafunga."

"Anafungaje na mimi sijafika?" Fundi akatoa simu mfukoni, akaiwasha. "Niliizima, nikiwa kazini huwa naizima. Soma hapa, dada. Kumi na nusu. Si mimi niliyeandika."

"Niliandika mimi," alisema Imeisha.

Fundi akamgeukia na jicho lake zima. "Wewe ni daktari?"

"Hapana. Natengeneza programu. Hiyo inayotuma ujumbe."

"Ahaa. Fundi mwenzangu, basi." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Imeisha. "Hebu niambie. Mimi nikichomelea geti nusu nusu, likamwangukia mtoto wa mtu, nikiulizwa, nijibu nini?"

Imeisha akampisha akae kwenye benchi.

Mama mkwe, aliyekuwa ameshikilia ukuta, aliinua uso. "Huyu ndiye mwenye ile nafasi?"

"Ndiye, mama."

"Basi mkwe wangu, sisi tutarudi na teksi. Wewe kaa hapa. Usije nyumbani kunisalimia mpaka huyu naye apate yake."

Alikaa. Alimwandikia bingwa usiku wa kule na asubuhi ya kule, akaeleza kosa bila kulipaka rangi, na bosi wake naye akaandika. Bingwa alikubali kumwona fundi wiki iliyofuata, kabla ya saa zake za kazi. Alimwona. Lakini kidonda cha jicho kilikuwa kimekula ndani zaidi, na leo fundi anaona watu, anaona magari, anaona watoto wake. Mstari mwembamba wa chuma kilichoyeyuka hauoni tena. Mdogo wake ndiye anayechomelea mageti. Yeye anayapaka rangi.

Wale wengine, Mkaguzi na Imeisha waliwapigia mmoja mmoja. Mtoto wa masikio aliyefika kabla ya daktari wake alingojea tu akichezea simu ya mama yake. Mzee wa moyo alitukana, na alikuwa na haki. Kisha Imeisha akakaa na lile jedwali, akaitoa ile saba na kuweka majina ya miji. Ile kazi ya siku nzima ilimalizika kabla ya chai ya saa nne.

FUNZO

La kwanza. Mlipuaji hudhani anaokoa muda. Hakuna muda unaookolewa. Unachukuliwa kwa mtu mwingine ambaye hayupo chumbani kujitetea. Asubuhi moja aliyojihurumia Imeisha ilitoka kwenye jicho la fundi wa kuchomelea.

La pili. Jua la kwenu si jua la kila mtu. Ukiulizwa swali ukaliona la kuchekesha, cheka, kisha ukalitafutie jibu. Na wewe ambaye kazi yako ni kukataa, kataa. Tabasamu lako si muhuri.

La tatu. Nitaliandika baadaye.

Hapo ndipo nilipoishia, nikaziacha karatasi hizi mezani nikakimbilia uwanjani, kwa sababu wenzangu walipungukiwa na mchezaji mmoja. Niliporudi nilimkuta mama mkwe amekaa dirishani ameshika karatasi zangu, miwani puani, amefika ukurasa wa mwisho. Alikuwa amezisoma zote peke yake, kwa jicho lile lile.

"Mjukuu wangu," aliniita.

"Naam, bibi."

"Baba yako umemwanika vizuri. Tofali la chooni umelieleza hata kuliko ninavyolikumbuka mimi. Sasa funzo la tatu liko wapi?"

Ndiyo, ndugu zangu. Niliwasimulia habari za nyumba ya mtu, na nyumba ni yetu. Imeisha ni baba yangu mzazi, na kwa kuwa nasoma shule ya bweni, mambo yake nasimuliwa likizo hadi likizo.

"Nitaliandika baadaye, bibi."

Bibi akavua miwani, akanitazama. Jicho hilo sasa linaona vizuri kuliko ninavyopenda. 

"Sina," nilikiri. "Sikuwahi kuwa nalo. Niliandika la tatu kwa sababu mawili yalionekana machache."

"Basi liache hivyo hivyo," alisema, akanirudishia karatasi. "Andika na haya tuliyosema chini yake, watu wajue wewe ni mtoto wa nani."

Nimeandika.